Wakili Aliyeokoka Akiwa Bado Ana Watumwa

Maisha ya James Birney (1792–1857)

Masomo ya kusoma nyumbani: Luka 19:1-10, Waraka kwa Filemoni

Jumapili iliyopita tulimwona Zakayo akishuka kutoka kwenye ule mkuyu, na kabla hata chakula hakijaiva nyumbani kwake alikuwa ameshaanza kuhesabu pesa za kurudishia watu. Baada ya ibada wengine wenu mlibaki nje mkiulizana: sasa mtu akiokoka leo, ile mali aliyoipata vibaya jana inakuwaje? Damu ya Yesu imefuta dhambi, sawa. Na ng'ombe wa jirani je, naye amefutwa?

Hilo si swali la mchezo. Wiki hii hatutalijibu kwa maneno mengi. Tutawasimulia maisha ya mtu mmoja wa zamani, wakili na mwanasiasa wa Marekani, ambaye swali hilo lilimshika shingoni miaka minane mizima. Zakayo alilimaliza siku moja. Huyu ndugu yetu lilimchukua miaka minane, na ukisoma mpaka mwisho utaona kwamba kuna sehemu ya deni lake ambayo hakuweza kuilipa kamwe. Jina lake ni James Gillespie Birney.

Mtoto aliyepewa mtoto mwenzake

Birney alizaliwa Februari 1792 katika mji wa Danville, jimbo la Kentucky. Kentucky yenyewe ilikuwa changa, kwani mwaka huohuo ndipo ilipoingia katika muungano wa Marekani kama jimbo. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ireland aliyekuja mikono mitupu, akafanya biashara, akawa mmoja wa matajiri wa eneo lile. Mama yake alifariki James akiwa na miaka mitatu tu. Shangazi yake, mjane, ndiye aliyekuja kutoka Ireland kumlea.

Hebu muangalie nyumba hii. Baba alisema waziwazi kwamba utumwa ni kitu kibaya, na Kentucky ilipokuwa inaandika sheria zake alikuwa upande wa wale waliotaka jimbo liwe huru bila watumwa. Upande huo uliposhindwa, baba akarudi nyumbani, akaendelea kuwa na watumwa wake kama kawaida. Msimamo wake ulikuwa kwamba sheria ikibadilika atawaachilia, na kwa kuwa haijabadilika, acha kazi iendelee. Shangazi naye alikataa katakata kumiliki mtu. Kijana alipelekwa pia kumsikiliza mhubiri wa Kibaptisti, David Barrow, aliyekuwa akihubiri dhidi ya utumwa hadharani, na mahubiri yale hakuyasahau.

Lakini akiwa na miaka sita hivi alipewa zawadi. Haikuwa baiskeli wala mbuzi. Alipewa mtoto mwenzake, mvulana mweusi aitwaye Michael, awe wake. Wakacheza pamoja, wakakua pamoja. Mmoja alijua atarithi, na mwingine alijua yeye mwenyewe ni sehemu ya urithi. Shikeni jina hilo la Michael, maana tutakutana naye tena.

Tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Birney alilelewa na mahubiri mawili kwa wakati mmoja: moja la mdomo na moja la mikono. Na mara nyingi lile la mikono ndilo linaloshinda.

Kijana mwenye nyota

Kichwani alikuwa mzuri. Alisoma chuo cha Princeton, wakati huo kikiitwa College of New Jersey, akamaliza mwaka 1810 akiwa na miaka kumi na minane. Kisha akaenda Philadelphia kusomea sheria katika ofisi ya Alexander Dallas, wakili mkubwa wa siku zile. Enzi hizo uwakili ulisomewa namna hiyo: unakaa ofisini kwa mkubwa, unanakili hati, unasoma vitabu vyake, unamfuata mahakamani mpaka ukaiva.

Mwaka 1814 akarudi Danville kufungua ofisi yake. Februari 1816 akamwoa Agatha McDowell, binti wa familia yenye jina. Miongoni mwa zawadi za harusi kulikuwa na watumwa. Mwaka huohuo wa 1816 akachaguliwa kuingia katika Bunge la Kentucky. Alikuwa na miaka ishirini na minne tu.

Huko bungeni kulikuwa na hoja ya kuyaomba majimbo jirani ya Ohio na Indiana yatunge sheria za kuwakamata na kuwarudisha watumwa waliotoroka Kentucky. Birney akaipinga. Kumbe dhamiri ilikuwa hai! Ila jioni akitoka bungeni, anayempokea farasi wake mlangoni ni mtumwa.

Mwaka 1818 aliona siasa za Kentucky hazimwendei vizuri, akahamia kusini, Alabama, karibu na mji wa Huntsville. Watu wa kila aina walikuwa wanakimbilia kule kwa sababu ya pamba. Bei ilikuwa juu, ardhi ilikuwa mpya. Akanunua shamba kubwa, akawapeleka watumwa wake wa Kentucky, akaongeza na wengine. Alabama ilipokuwa jimbo mwaka 1819, yeye akawa mmoja wa wabunge wa bunge lake la kwanza kabisa. Alitumia ujuzi wake wa sheria kusaidia kuingiza katika katiba ya jimbo vifungu vya kumlinda mtumwa kidogo, kama vile haki ya mtumwa aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa kusikilizwa na baraza la wazee wa mahakama.

Katika bunge hilohilo lilitokea azimio la kumuunga mkono Jenerali Andrew Jackson awe rais. Jackson alikuwa shujaa wa vita, kila mtu anampenda. Birney akapiga kura ya hapana. Wapiga kura hawakumsamehe, na safari yake ya ubunge Alabama ikaishia hapo.

Kamari, deni, na watu waliouzwa

Sasa hapa tuseme ukweli wote. Birney alikuwa mtu wa anasa. Alipenda mbio za farasi, na akipenda alikuwa anaweka pesa. Alikopa, akacheza, akapoteza. Pamba nayo haikumletea kile alichotegemea. Mwaka 1823 akaliacha shamba, akahamia Huntsville mjini kurudia uwakili, na hatimaye shamba likauzwa pamoja na watu waliokuwa wanalilima. Alibakiza Michael, mke wa Michael, na watoto wao.

Tukisoma upesi tunapita hapo kama mtu anayevuka mtaro. Tusimame kidogo. Bwana amekula pesa kwenye farasi, na familia nzima za watu zinabadilishwa kuwa hela za kufunika shimo. Hawakuwa wamecheza kamari wao. Wao walilima tu. Dhambi ya mtu mmoja haikai kwake peke yake. Hutafuta mnyonge wa kumbebesha mzigo. Mwenye nyumba akinywa mshahara, anayelala njaa ni mtoto.

Mjini, Birney aliinuka haraka. Akawa kiongozi wa mashtaka wa eneo, na katika muda mfupi akawa mmoja wa mawakili waliolipwa vizuri zaidi kaskazini mwa Alabama. Aliwatetea pia Wacherokee, wenyeji wa asili ambao ardhi yao ilikuwa inanyemelewa. Mwaka 1829 akawa meya wa Huntsville.

Lakini kabla ya umeya, mwaka 1826, lilitokea jambo kubwa zaidi. Birney aliokoka. Mke wake alikuwa mshirika wa Presbyterian kabla yake, na mwaka huo yeye naye akajitoa kwa Bwana, akaandikwa kanisani. Maisha yake ya zamani ya kamari akayaacha. Jamani, huo ni ushuhuda wa kusimamisha ibada!

Ila Michael alibaki vilevile. Kesho yake asubuhi aliamka akiwa mali ya mtu aliyeokoka.

Miaka minane ya nusu hatua

Tusimfikirie Birney kuwa mnafiki. Roho Mtakatifu alikuwa anamsumbua kweli. Ndiyo maana kila mara alifanya kitu. Shida ni kwamba kila mara alifanya nusu.

Kwanza alijaribu sheria. Alisaidia kupatikana kwa sheria ya Alabama ya mwaka 1827 ya kuzuia watu kuingiza watumwa jimboni kwa ajili ya kuwauza. Haikudumu hata miaka mitatu, ikafutwa.

Halafu alijaribu njia ya heshima. Kulikuwa na chama kilichoitwa American Colonization Society. Mpango wake ulikuwa kuwapeleka watu weusi walioachiliwa huru Afrika Magharibi, kwenye koloni la Liberia lililoanzishwa mwaka 1822. Watu wengi wa kanisa waliupenda mpango huo. Ukiuangalia vizuri utaona kwa nini: ulimruhusu mwenye watumwa kujisikia mwema bila kuachilia hata mmoja, na uliwaruhusu wazungu wa kaskazini kuuchukia utumwa bila kukaa jirani na mtu mweusi. Mwaka 1832 Birney akaacha uwakili, akawa wakala wa chama hicho, akizunguka majimbo ya kusini kuhutubia na kuchangisha.

Mwaka huohuo alitembelewa Huntsville na kijana mmoja aitwaye Theodore Weld, mtu aliyeungua moyo kwa ajili ya watumwa. Walizungumza kwa kirefu. Na huko safarini Birney akaanza kujionea mwenyewe. Michango ilikuwa haba. Walioachiliwa walikuwa wachache. Watu walimpigia makofi, wakarudi nyumbani kwa watumwa wao. Akatambua kwamba amekuwa akiuza dawa ya usingizi.

Mwishoni mwa 1833 akarudi nyumbani Danville. Akakaa na dhamiri yake. Na katikati ya 1834 akafanya vitu viwili vilivyobadili maisha yake yote. Aliwapa Michael na familia yake hati za uhuru. Kisha akachapisha barua ndefu ya wazi akijiuzulu katika ule mpango wa Liberia, akieleza kwamba utumwa ni dhambi, na dhambi haiachwi kwa awamu.

Kutoka 1826 mpaka 1834 ni miaka minane. Kwa hesabu ya mbinguni sijui ni muda gani. Kwa hesabu ya Michael ilikuwa siku elfu mbili na mia tisa na zaidi, kila moja na asubuhi yake.

Toba iliyoanza kuuma

Mpaka hapo Birney alikuwa mtu wa kuheshimika. Toba yake ilipofika mfukoni na kutoka hadharani, marafiki walianza kuhesabika.

Alitaka kuanzisha gazeti hapohapo Danville mwaka 1835. Wenye mji wakakutana, wakamwonya. Mchapishaji aliyekuwa amekubali kazi akanunuliwa na wapinzani, mtambo wake ukaondolewa mikononi mwake. Posta nayo ikamgeuka. Watu aliosoma nao na kusali nao hawakutaka kuonekana naye. Akafungasha familia, akavuka mto Ohio, akaingia jimbo lisilo na utumwa.

Tarehe 1 Januari 1836 toleo la kwanza la gazeti lake, The Philanthropist, likatoka. Baadaye kidogo akalihamishia Cincinnati, mji wa biashara uliotazamana na Kentucky ng'ambo ya mto. Wafanyabiashara wa Cincinnati walikula kutokana na wateja wa kusini, na hawakutaka mtu wa kuwaudhi wateja. Ni jimbo huru, ndiyo, lakini mfuko wake ulikuwa umeshonwa kusini.

Usiku wa tarehe 12 Julai 1836 watu walivunja chumba cha uchapishaji, wakaharibu mtambo na kuchanachana karatasi. Birney na mchapishaji wake wakatengeneza, wakaendelea. Tarehe 30 Julai kundi kubwa zaidi likarudi. Safari hii walitoa herufi zote nje, wakauvunja mtambo, wakauburuta barabarani na kuutupa mtoni Ohio. Kisha wakamtafuta mwenyewe. Walipofika kwenye hoteli walikodhani amejificha, wakili kijana aitwaye Salmon Chase alisimama mlangoni akawazuia. Birney alikuwa nje ya mji usiku ule, na hiyo ikamwokoa. Kundi halikuridhika, likageukia mitaa ya watu weusi na kuvunja nyumba zao. Hata hapo mzigo mzito uliangukia wanyonge.

Miezi michache haikupita, gazeti likawa limerudi. Yule Chase, ambaye hakuwa mtu wa harakati hizo kabla ya usiku ule, baadaye alikuwa waziri wa fedha wa Rais Abraham Lincoln na kisha Jaji Mkuu wa Marekani. Naye Harriet Beecher Stowe, mama kijana wa familia ya wahubiri aliyekuwa akiishi Cincinnati wakati huo, aliyaona mambo yale kwa macho yake. Mwaka 1852 alitoa riwaya ya Uncle Tom's Cabin iliyoitikisa nchi.

Matilda

Kuna jina lingine la kushika. Nyumbani kwa Birney huko Cincinnati alifanya kazi msichana aitwaye Matilda. Alikuwa na rangi nyeupe kiasi kwamba wengi hawakujua ana damu ya mtu mweusi. Alikuwa ametoroka kutoka kwa mtu aliyemmiliki, na mtu huyo huyo alikuwa baba yake mzazi. Matilda alimwomba baba yake hati ya uhuru, akamnyima. Meli yao ilipotia nanga Cincinnati, akashuka na kutokomea mjini. Birney alimwajiri bila kujua habari hizo.

Mwezi Machi 1837 Matilda akakamatwa. Chase akamtetea mahakamani, akasema kwamba mtu akiletwa na bwana wake katika jimbo huru, minyororo inakatika. Hakimu akakataa. Matilda akapakiwa melini kupelekwa New Orleans, akauzwa. Historia haikumwona tena. Birney naye akashtakiwa kwa kumficha, akatozwa faini ya dola 50, ingawa mahakama kuu ya jimbo iliifuta hukumu hiyo baadaye.

Dola 50 kwa mmoja, maisha yote kwa mwingine. Ndiyo maana tunasema haki ya mahakamani na haki ya Mungu si mara zote zinakaa kiti kimoja.

Urithi

Mwaka 1837 Birney akahamia New York kuwa katibu wa American Anti-Slavery Society, chama cha taifa cha kupinga utumwa. Mwaka uliofuata, 1838, Agatha akafariki. Walikuwa wamezika watoto pia. Mwaka 1839 baba yake naye akafariki kule Danville, yule baba aliyekuwa akisubiri sheria ibadilike. Sheria haikubadilika. Aliacha mali, na miongoni mwa mali walikuwamo watu 21.

Wapendwa, hapa ndipo tunapomjua mtu. Ni rahisi kuwa mkali juu ya dhambi ukiwa huna kitu cha kupoteza. Birney hakuwa tajiri tena. Uwakili alishauacha, gazeti halikuwa na faida, watoto walihitaji ada. Na watumwa wakati huo walikuwa ndio sehemu yenye thamani zaidi ya urithi. Angeweza kuchukua ardhi na fedha, awaachie ndugu wengine wale watu, aseme mimi mikono yangu ni safi. Alifanya kinyume. Aliomba wale watu 21 wahesabiwe katika fungu lake yeye. Walipokuwa wake, akawaandikia wote uhuru.

Mwaka 1826 aliokoka, na watumwa wakabaki. Mwaka 1839 aliomba kupewa watumwa ili asibaki nao. Huo ndio ukuaji wa kiroho ambao hauhitaji kutangazwa kwa kipaza sauti.

Kanisa na siasa

Mwaka 1840 alisafiri kwenda London kwenye mkutano wa dunia wa kupinga utumwa. Akiwa huko alichapisha kijitabu juu ya makanisa ya Marekani. Hoja yake ilikuwa chungu: kwamba ngome kubwa inayolinda utumwa si bunge wala jeshi, ni kanisa. Alionyesha jinsi wachungaji walivyomiliki watu, jinsi mikutano mikuu ya madhehebu ilivyokwepa kulitaja jambo hilo, na jinsi maandiko yalivyopindwa. Milango mingi ya kanisa ikafungwa kwake baada ya hapo, na miaka ya baadaye alikuwa mbali na madhehebu yaliyomlea. Hilo linatuhuzunisha. Lakini tujiulize ni nani alimwacha mwenzake kwanza.

Mwaka huohuo chama kipya, Liberty Party, kilimsimamisha kugombea urais. Alipata kura kama 7,000 tu katika nchi ambayo watu zaidi ya milioni mbili walipiga kura. Mwaka 1841 akaoa tena, mke wake akiwa Elizabeth Fitzhugh, wakahamia Michigan ambako nchi ilikuwa bado msitu. Mwaka 1844 akagombea tena, akapata kura kama 62,000.

Hapo pana uchungu wake. Katika jimbo la New York alipata zaidi ya kura 15,000. Henry Clay alishindwa na James Polk katika jimbo hilo kwa kura kama 5,000 tu, na kwa kulikosa jimbo hilo akaukosa urais. Polk alikuwa na watumwa na alitaka Texas iingizwe nchini na utumwa wake. Clay naye alikuwa na watumwa, ila alikuwa akisitasita juu ya Texas. Watu wengi wakamlaumu Birney kwamba usafi wake ndio uliompa ushindi mbaya zaidi kati ya wawili. Yeye aliamini hawezi kumpigia kura mtu anayemiliki mtu. Mpaka leo wasomaji wa historia wanabishana. Nasi hatutaamua hapa. Tunasema tu kwamba kufuata dhamiri hakukuhakikishii kwamba mambo yatakwenda unavyotaka.

Mwaka 1845 alianguka kutoka kwenye farasi. Kutoka hapo kiharusi kikawa kinamrudia, na ule ulimi wa wakili ukalemaa. Siasa zikaisha. Mwaka 1852, akiwa amekata tamaa na mahakama za nchi yake, aliandika akiwashauri watu weusi walio huru wafikirie kwenda Liberia, ushauri uleule alioukataa mwaka 1834. Hata mtumishi shujaa huchoka. Alihamia Eagleswood, New Jersey, karibu na Weld, yule rafiki wa Huntsville, na huko akafariki Novemba 1857. Alikuwa na miaka sitini na mitano.

Hakuona mwisho. Vita vilianza mwaka 1861. Wanawe William na David wakawa majenerali katika jeshi la muungano, na William akapewa kazi ya kuandikisha wanaume weusi kuwa askari, wengi wao wakitoka moja kwa moja utumwani. David alifariki kwa homa mwaka 1864, vita vikiendelea. Mwaka 1865 utumwa ukafutwa katika katiba ya nchi nzima.

Tunajifunza nini?

Kwanza, wokovu ni wa siku moja, lakini una mambo ya kushughulikia nyumbani. Usikae miaka minane ukifanya nusu hatua. Kuna mtu amekaa na mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani miezi mitatu, na Jumapili anaongoza sifa. Kuna mtu amesimika ua ndani ya shamba la mjane wa ndugu yake, na ana ushuhuda mzuri sana. Mpendwa, ukimaliza kusoma hapa, piga simu.

Pili, uwe macho na toba inayokupa makofi. Ule mpango wa Liberia ulimpa Birney majukwaa na heshima, wala haukumgharimu Michael mmoja. Kama toba yako bado haijakupunguzia kitu, iangalie tena.

Tatu, kuna madeni ambayo kuchelewa huyafanya yasilipike. Birney aliwaachilia Michael na familia yake, akawaachilia watu 21 wa urithi. Lakini wale aliowauza na shamba la Alabama hakuwarudisha. Walishauzwa. Alikuwa anajua. Neema ya Mungu ilimtosha yeye. Wao walibaki wakilima pamba ya mtu mwingine. Hii ndiyo sababu Biblia haituambii tutubu kesho.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Je, nyumbani kwenu watoto wanasikia mahubiri gani ya mdomo, na wanaona yapi ya mikono?
2. Kwa nini Zakayo alimaliza siku moja kile ambacho Birney alikikawiza miaka minane? Ni nini hutuchelewesha sisi?
3. Kama kanisa, ni dhambi gani ya watu wenye heshima ambayo hatuitaji madhabahuni?

Tuombe

Bwana, utupe toba inayofika mfukoni na mlangoni kwa jirani. Tuonyeshe Michael wetu ni nani, na utupe ujasiri wa kumwendea wiki hii, kabla hajauzwa mbali. Katika jina la Yesu. Amina.